Saa Sita ya Nani?

Mjomba wangu ni mvuvi pale Kunduchi. Ana ngalawa moja, tanga lenye viraka, na kisimu cha tochi. Mimi nimepanga chumba Sinza, na mali yangu ni kompyuta ya mtumba. Mwaka 2025 washikaji kijiweni hawakuwa na hadithi nyingine ila akili mnemba. Nikasema haya, na mimi nitengeneze wakala wangu, amwambie mjomba hali ya bahari kila jioni. Nikaona nimeshatoka kimaisha!

Ndugu msomaji, kama hujawahi kuanza, habari yenyewe ni hii. Akili mnemba imesoma mengi, lakini masomo yake yana siku ya mwisho. Upepo wa kesho haumo. Ukiiuliza hivi hivi inaweza kukujibu kwa ufasaha, kumbe inabuni. Kwa hiyo unaipa mlango, nao ndio unaoitwa API: mahali ambapo programu moja inabisha hodi kwa nyingine na kupewa data. Unamweleza wakala kwamba mlango huu unatoa habari za upepo, na anayebisha ataje mahali. Akihitaji, anaomba. Programu uliyoiandika inakwenda, inarudi na mzigo wa namba, naye anazigeuza kuwa maneno.

Nilichagua Open-Meteo. Kwa matumizi yasiyo ya biashara hawadai pesa wala ufunguo, mradi usifikishe maombi 10,000 kwa siku. Usiku wa kwanza wakala akaniambia Kunduchi kuna baridi ya kuvaa sweta. Nilicheka mpaka jirani akagonga ukuta. Kumbe nilisahau alama ya kutoa! Kunduchi iko karibu nyuzi 6.7 kusini ya Ikweta, na kusini huandikwa kwa alama hiyo. Bila kale kamstari, nilikuwa nimeipandisha ngalawa ya mjomba kwenye milima ya Ethiopia.

Nikarekebisha, nikajiona fundi.

Jioni moja ya Julai, pepo za kusi zimeshika kasi, wakala akaandika: "Kesho bahari shwari hadi saa 6, kisha upepo mkali." Nikamtumia mjomba vile vile. Akajibu: "Ahsante mjomba. Saa sita nitakuwa nimerudi."

Asubuhi yake, kwenye saa tatu na nusu, nilikuwa kituoni nikisubiri daladala. Upepo ukapita barabarani, ukainua vumbi, ukang'oa mwavuli wa mama aliyekuwa akiuza vitumbua. Tumbo likanikata. Nikapiga simu. Haipatikani. Nikapiga tena. Haipatikani.

Nikadandia gari la Mwenge, nikaunganisha la Kunduchi. Njiani, nimebanwa mlangoni, nikafungua kwenye simu zile namba zenyewe, kabla wakala hajazigusa. Ilikuwa 06:00. Basi ndipo nikakumbuka nilichokiruka kwa haraka zangu. Usipotaja saa za kwenu, mlango ule hutoa saa za Greenwich. Wameandika wazi kwenye maelezo yao. 06:00 ya Greenwich kwetu ni 09:00, na 09:00 sisi Waswahili tunaiita saa tatu asubuhi. Wakala aliona sita, akasema sita. Mjomba akasikia sita yake, ile ya jua la utosi. Hakuna aliyedanganya hapo, na mtu yuko baharini.

Nilifika ufukweni nikikimbia, viatu mkononi. Ngalawa ilikuwa juu ya mchanga. Mjomba amekaa chini ya mvinje, anashona wavu.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba." Akanitazama machozi yale, akarudi kwenye wavu wake. "Niliona mawingu yanakimbia, nikageuza tangu saa mbili. Sasa niambie, ile saa sita yako ilikuwa ya nani?"

Sikuwa na la kusema. Nikakaa, nikamshikia wavu.

Usiku ule, penye saa za eneo nikajaza Africa/Dar_es_Salaam. Kazi ya kugeuza saa nikamnyang'anya wakala, nikaiandika mwenyewe ndani ya programu: toa sita, kisha taja kama ni asubuhi, mchana, jioni au usiku. Nikamwagiza aseme data ameichukua lini, na mlango ukigoma kufunguka aseme "sijui", asitunge. Wenzangu mnaotaka kuanza, anzeni hapo. Kabla ya kushangilia namba zinavyoingia, ulizeni ni za wapi, za saa ya nani, na nani atatoka na chombo kwa kuziamini.

Bado namtumia mjomba ujumbe kila jioni, naye bado anatazama mawingu yake. Ila siku hizi hasemi ahsante kwanza. Huandika neno moja: "Yetu?"

Nami nakagua tena, ndipo nijibu: "Yetu, mjomba. Saa tatu asubuhi."