Sikukuu Iliyotukuta Darasani

Natoa ushuhuda huu kwa sababu najua Desemba hii yupo mzazi anayesikia majirani wakipanga sikukuu, na yeye hajui watoto wake watalala wapi. Mwaka 2011 mzazi huyo nilikuwa mimi. Mungu alinivusha, na alinivusha kwa mikono ya wazee wangu.

Wakati huo tulikaa Kigogo, wilaya ya Kinondoni, upande wa chini karibu na Mto Msimbazi. Mume wangu alikuwa mlinzi wa usiku mjini. Nyumba yetu ilikuwa ya vyumba viwili na sebule, tuliijenga kidogo kidogo kila tulipopata chochote. Tulikuwa na watoto watatu: binti aliyesubiri kuanza darasa la kwanza Januari, mvulana aliyekuwa ndiyo kwanza anajua kuongea, na mchanga wa kunyonya.

Nchi ilikuwa imetoka kusherehekea miaka 50 ya Uhuru, tarehe 9 Desemba. Siku chache baadaye wazazi wangu wakashuka stendi ya Ubungo na basi la Lushoto. Wenzetu wengi mwisho wa mwaka hupeleka watoto kijijini, lakini sisi nauli ya familia nzima ilitushinda. Baba akasema, "Kama wajukuu hawawezi kupanda mlima, sisi tutashuka."

Walikuja na kiroba cha viazi, maharage na maparachichi yaliyofungwa kwenye majani ya mgomba yasipondeke. Nyumba ikachangamka. Mama alimwita mvulana wangu "mume wangu", akamlisha kwa mkono wake na kumwogesha jioni uani. Baba akawa na mchumba wake, yule binti, akimfundisha kuandika jina lake mchangani kwa kijiti. Usiku watoto waligombania nani alale na bibi. Mimi nilipika huku nasikia vicheko vyao, nikamshukuru Mungu kwamba sikukuu ya mwaka ule imekuja mapema.

Jumanne tarehe 20 mvua ikanyesha. Haikuwa mvua ya kawaida. Ilinyesha, ikapungua, ikarudi kwa nguvu zaidi. Baadaye Mamlaka ya Hali ya Hewa ilisema Dar es Salaam haikuwa imepata mvua kama ile tangu mwaka 1954. Jioni mume wangu akaenda kazini kama kawaida, kwa sababu maji yalikuwa bado mbali na sisi. Tukasali pamoja, tukalala.

Usiku mama akaniamsha. Alikuwa ameweka mguu chini, akakanyaga maji.

Nikawasha tochi ya simu. Ndoo zilikuwa zinaelea. Maji yalikuwa ya matope, yananuka, na yanapanda. Nilivuta mlango. Haukufunguka. Baba akaja, tukavuta wote. Ulipofunguka maji yakaingia kwa kishindo, yakanifika kiunoni.

Nilimbeba mchanga. Baba akamweka binti mabegani. Mama akamfunga mvulana mgongoni kwa kanga. Tukatoka. Giza. Watu wanapiga kelele, "Pandeni juu! Pandeni juu!" Jirani akatushika mikono, akatuvuta kwenye paa lake.

Nikahesabu watoto. Mchanga. Binti.

Nikahesabu tena.

Mvulana hayupo. Mama hayupo.

Niliita. Mvua ilikuwa inapiga mabati, sikusikia hata sauti yangu. Niliita tena. Baba alitaka kurudi majini, vijana wakamkamata. Mzee wa watu alilia. Sikuwa nimewahi kumwona baba akilia. Nilisema, Mungu, mchukue hata mimi, lakini usimchukue mwanangu. Usimchukue mama yangu. Halafu maneno yakaniishia. Nilibaki nimemkumbatia mchanga, natetemeka, nasema "Yesu, Yesu" tu mpaka kulipopambazuka.

Ndugu yangu, kama leo unapita mahali ambapo huwezi hata kusali sala ndefu, usidhani Mungu amekuacha. Usiku ule sala yangu ilikuwa neno moja.

Asubuhi tuliona mtaa wote umegeuka ziwa. Mapaa yamejaa watu. Ilipowezekana kushuka, tulipelekwa kwenye shule ya msingi iliyokuwa imefunguliwa kwa ajili yetu, maana watoto walikuwa likizo. Niliingia darasa moja, nikatoka. Nikaingia lingine. Kwenye kona, chini ya ubao, alikaa mama yangu. Kanga yake imekauka na matope. Mwanangu alikuwa bado mgongoni, amelala.

Maji yalikuwa yamemsukuma hadi kwenye ukuta wa nyumba ya ghorofa, akashika nondo za dirisha mpaka watu walipomvuta ndani. Mafundo ya kanga yalikuwa yamekaza, ikabidi tuyafungue kwa meno. Aliponiona hakulia. Alisema, "Mume wangu hajambo. Ana njaa tu." Mimi nilianguka pale chini nikalia kwa niaba yetu wote.

Mume wangu alitufikia mchana, ametembea kwa miguu kwa sababu barabara ya Jangwani ilikuwa imefunikwa na maji. Nyumba yetu ukuta mmoja ulikuwa umelala. Godoro, nguo, sare mpya ya shule ya binti, akiba tuliyoficha kabatini, vyote vilikwenda. Watu zaidi ya 40 walipoteza maisha jijini. Katika darasa letu walikuwepo waliokuwa bado wanatafuta watoto wao. Nilipowatazama nilishindwa kulalamika kuhusu kabati.

Krismasi ikaangukia Jumapili. Tuliila hapo hapo darasani, tumelala sakafuni, mbu wanatumaliza. Nilikuwa nimekata tamaa, sikutaka hata kusikia neno sikukuu. Lakini wazee hawakukubali watoto waone uso wangu tu. Baba aliokota kopo na kandambili zilizoletwa na maji, akakata magurudumu kwa wembe, akatengeneza gari. Watoto wa madarasa yote wakapanga foleni kulivuta. Mama aliomba sufuria, akasongea familia kadhaa ugali kwenye mafiga matatu. Waumini wa kanisa letu wakaleta pilau, na majirani zetu Waislamu wa upande wa juu wakaleta nguo za watoto. Jioni baba akawakusanya wajukuu na watoto wa wenzetu, akawasimulia habari za mtoto aliyezaliwa mahali pasipo pa kulala watu. Binti yangu akauliza, "Kama sisi, babu?" Akamjibu, "Kama sisi, mchumba wangu."

Hapo moyo wangu ukaanza kuinuka.

Serikali ilitupa kiwanja Mabwepande, na Januari tukahamia kwenye mahema. Kulikuwa pori, mbali na kazi, mbali na soko, na miezi ya kwanza ilikuwa migumu sana. Wazazi wangu waliahirisha kurudi Lushoto hadi mume wangu aliposimamisha chumba cha kwanza. Leo tuna nyumba. Yule binti ni mwalimu. Yule mvulana ni kijana mrefu kuliko baba yake. Baba yangu ametangulia mbele za haki, lakini mama bado anakuja kila Desemba kabla ya Krismasi, siku hizi anashukia stendi ya Mbezi, na kijana anakwenda kumpokea "mke wake".

Sitakuficha. Mvua ikipiga bati usiku bado naamka na kugusa sakafu kwa mkono. Vyeti vya watoto nimeviweka kwenye mfuko wa nailoni, juu. Woga haujaisha wote, lakini hauniendeshi tena.

Kwako unayekaa bondeni: mvua ikiendelea usisubiri maji mlangoni, chukua watoto na wazee uondoke kungali mapema. Vyombo vitanunuliwa. Kwako uliyepoteza kila kitu: usiwakwepe wazazi wako kwa aibu kwamba huna cha kuwapikia. Hawafuati chakula, wanafuata wajukuu. Waache waje, hata kama ni kwenye chumba kimoja, hata kama ni kwenye hema. Na kama wako hai leo, wapigie simu kabla sikukuu haijafika. Mungu aliyetuvusha sisi ndiye huyo huyo wako. Amina.