Goma: prizi ndiyo ihame, si watu

Goma – Nyumba moja ya mbao mtaani Ndosho, komini ya Karisimbi, ilijengwa kwa watu wanne. Leo inalaza kumi. Mama anayepanga humo alimpokea mdogo wake na watoto waliokimbia vita huko Masisi, na sebule ikageuka chumba cha kulala. Godoro lilipata nafasi mahali pamoja tu: chini ya ukuta wenye prizi pekee ya sebule, karibu kabisa na sakafu.

Waliifunika kwa kartoni. Siku moja mtoto wa miaka miwili akaiondoa, akakutwa na kijiko mkononi akitafuta tundu. Usiku huo mdogo mtu akasema: "Yaya, heri sisi turudi kambini." Dada yake akamjibu: "Prizi ndiyo itahama, si nyinyi."

Kijana wa jirani alijitolea kuifanya kwa bei ndogo. Angeunganisha waya mwembamba kwa kuusokota, aufunge kwa tepu, aupigilie misumari juu ya mbao. Mama alikataa. Waya mwembamba ukibeba mzigo mkubwa hupata moto, na mbao hazisubiri. Nyumba za pale zimebanana; moto wa mmoja ni moto wa wote.

Alianza kwa mwenye nyumba, kwa sababu mpangaji habadilishi njia za umeme bila ruhusa. Mwenye nyumba alikubali na akachangia vifaa. Kisha akaitwa fundi umeme anayejulikana mtaani.

Fundi alieleza kwamba mita na waya unaotoka kwenye nguzo ni vya kampuni ya umeme. Plombe yake haivunjwi na mtu mwingine. Sekta ya umeme nchini ina sheria yake, namba 14/011 ya tarehe 17 Juni 2014, na kuunganisha kwa siri kunaweza kumfikisha mtu mahakamani. Kazi ya fundi inaanza baada ya mita.

Alizima dijonktere kuu na kumweka mtoto mkubwa alinde asije mtu akaiwasha. Kabla ya kugusa waya, alijaribu testa yake mahali penye umeme ili ahakikishe ni nzima, ndipo akapima prizi. Kisha akavuta waya mpya wa milimita za mraba 2.5, si ule wa 1.5 unaotumika kwa taa. Nyaya zilikuwa tatu: wa umeme, wa bluu unaorudi, na wa kijani na njano unaokwenda ardhini. Zote alizipitisha ndani ya bomba la plastiki, likapanda wima na kwenda mlalo, ili atakayepigilia msumari kesho ajue njia ilipo. Maungio aliyaweka ndani ya kisanduku chenye kifuniko, mahali pa zamani. Hakuacha waya ukining'inia.

Kazi ngumu ilikuwa nje. Ardhi ya Goma ni mawe ya volkano, na fimbo ya kuzika ardhini haikuingia kirahisi. Walitafuta hadi wakapata udongo wenye unyevu nyuma ya bafu. Bila fimbo hiyo, waya wa kijani na njano ni pambo tu. Fundi aliongeza pia dijonktere ya miliampea 30, inayokata umeme haraka ukipotelea kwenye mwili wa mtu.

Prizi mpya iko juu, mbali na godoro. Lakini fundi alionya kwamba bado ina kikomo. Ampea 16 kwa volti 220 ni wati 3520. Jiko la umeme la wati 2000 na birika la wati 1800 vikiwashwa pamoja vinapita hapo. Kimoja kisubiri kingine. Prizi ikitoa joto, harufu au cheche, izimwe na fundi aitwe.

Familia nyingi zilizohamishwa huona haya kumwambia mwenyeji kwamba waya wake una hatari. Wanaogopa kuonekana wageni wasio na shukrani. Lakini umeme haumtambui mwenyeji wala mgeni. Anayeona cheche kwanza ndiye aseme.