Lebo Huchapwa Mwisho

Mgeni akiingia ukumbini jioni ya ufunguzi, huona kuta nyeupe, taa, na picha zimenyooka mstari mmoja. Haoni kwamba sisi mafundi tumetoka muda si mrefu, na kwamba gundi ya lebo bado mbichi.

Picha zenyewe hazinisumbui sana. Hapa Mombasa adui ni unyevu: karatasi iliyochapwa Nairobi ikifika pwani hunywa hewa, ikaanza kufanya mawimbi ndani ya fremu. Kuta za Mji wa Kale ni mawe ya matumbawe na chokaa. Ukipiga msumari zinamwaga unga. Kwa hiyo tunaning'iniza kwa waya kutoka juu, katikati ya picha ikae kama sentimita 150 kutoka sakafuni, usawa wa macho. Taa tunazigeuza mpaka kioo kiache kumulika. Yote hayo yana dawa.

Kisicho na dawa ni kapsheni. Mpiga picha huhangaika na rangi wiki nzima, kisha saa kumi jioni ndipo anatuma maneno kwa simu: "Mvuvi, Mombasa." "Mama na mwanawe." Nikimpigia kumuuliza majina, ananiambia ataangalia kwenye daftari. Jina lake yeye tumeshalibandika mlangoni, kila herufi urefu wa mkono.

Ufunguzi mmoja, hotuba zikiendelea, binti aliyekuwa akipitisha sharubati alisimama mbele ya picha ya mzee anayeshona nyavu. Akanijia pale nilipokuwa na ngazi yangu.

"Ami, yule ni babu yangu. Mbona hamkumwandika?"

Nilimfuata msimamizi. Akasema lebo zimeshachapwa, katalogi nayo imeshatoka, basi tuache. Binti akaomba kalamu, akaandika jina kamili la babu yake, na la baba wa babu yake, chini ya neno "mvuvi". Msimamizi akaniagiza nibandue ile lebo. Sikubandua.

Wengine hudhani kuacha majina ni uzembe wa kumbi ndogo kama zetu. Lakini mwaka 1936 Dorothea Lange alimpiga picha mama mmoja na wanawe katika kambi ya wachuma njegere huko Nipomo, California, wala hakumuuliza jina. Picha ile ikazunguka dunia nzima. Mama huyo, Florence Owens Thompson, alijulikana kwa jina mwaka 1978, ameshakuwa bibi, akilalamika kwamba hajapata hata senti. Sharbat Gula, yule msichana Mwafghani aliyepigwa picha na Steve McCurry mwaka 1984, jina lake lilipatikana 2002. Hao walitafutwa kwa sababu picha zao zilivuma. Mshona nyavu hakuna atakayemtafuta. Jina lake linachukuliwa palepale ufukweni, kamera ikiwa bado shingoni, au halichukuliwi kabisa.

Siku hizi kabla sijapokea kazi naomba orodha ya majina pamoja na vipimo vya fremu. Vipimo huja siku hiyohiyo.

Ukialikwa ufunguzi, anza na lebo. Ukikuta "mvuvi" au "mama" peke yake, muulize mpiga picha jioni hiyohiyo akiwa bado ukumbini, kwa sababu asubuhi yake huwa ameshapanda ndege.