Sauti Tuliyoinyamazisha

Katika usharika wetu wa Mbagala, wilayani Temeke, kwaya kuu hufanya mazoezi Jumanne na Alhamisi jioni, watu wakishatoka kazini na kushuka kwenye daladala. Tuko arobaini na kidogo. Wapo waliokulia Kilimanjaro, Iringa, Bukoba na Lindi, na wapo waliozaliwa hapa hapa. Haya tumekubaliana kuyaandika pamoja, kwa sababu kosa tulilifanya pamoja, na hakuna kati yetu anayeweza kusema siku ile hakuwepo.

Kosa lenyewe ni hili: tulimwambia bibi mmoja asiimbe.

Bibi huyo alikuja kutoka Mpwapwa kumsaidia binti yake aliyekuwa amejifungua mapacha. Kwao Injili ilifika tangu miaka ya 1870; yeye alibatizwa katika Kanisa la Anglikana, na tenzi alizozijua kwa moyo zilikuwa nyingi kuliko tulizozijua wengi wetu. Siku ya kwanza ya mazoezi alitusalimu, "Mbukwa!" akacheka tulipokosa la kujibu, kisha akaenda kukaa na akina mama wa sauti ya pili. Tulimpenda. Lakini katika kila wimbo palikuwa na mahali ambapo sauti yake ilishika njia yake yenyewe. Mi yake ilikuwa chini kidogo ya mi ya kinanda. Ti yake ilishuka zaidi, ikatua mahali ambapo kinanda hakina kitufe.

Mwalimu wa kwaya alisimamisha wimbo mara tatu, mara nne. "Bibi, sikiliza kinanda." Bibi alisikiliza kwa makini, akaitikia kwa kichwa, kisha akaimba vilevile.

Mashindano ya kwaya za jimbo yalikuwa yamekaribia. Kinanda kilikuwa kipya, tulikichangia kwa miaka miwili, na sare zilikuwa zimeshonwa. Jioni moja viongozi wawili wa kwaya walimwendea. Walitumia maneno ya adabu: "Bibi, siku ya mashindano utasimama na sisi na sare yako, ila usitoe sauti. Fungua mdomo tu." Sisi wengine tulikuwa pale pale, tukikunja karatasi za nyimbo na kutafuta viatu. Tulisikia. Hakuna aliyesema hapana.

Bibi akajibu, "Haya, wanangu."

Siku ilipofika alisimama, akafungua mdomo. Tulipata nafasi ya pili. Jumapili iliyofuata alirudisha sare, imefuliwa na kupigwa pasi, akaenda kukaa benchi la nyuma. Hatukumfuata. Tuseme kweli yote: tulipumua.

Ulipita mwaka. Kisha mama mmoja mwenyeji wa Dodoma alifariki huko Kijichi, nasi tukaenda kukesha msibani kama ilivyo desturi, na kinanda chetu na spika. Saa tano usiku umeme ukakatika. Kinanda kikazimika katikati ya ubeti, na sisi tukazimika nacho. Watu arobaini, hakuna aliyejua aanzie wapi.

Katika giza lile sauti ya Bibi ikaanza wimbo wa Kigogo. Wanawake watatu wanne waliotoka bara kuja kuzika wakamwitikia. Mmoja akageuza ndoo ya plastiki, akaibana kati ya magoti kama wanawake wa Kigogo wanavyobana ngoma zao za muheme, akaanza kupiga. Maneno hatukuyajua, ila kiitikio kilikuwa kifupi, na mara ya tatu tukaingia. Hatukuwa na kitu cha kushika isipokuwa sauti zao, tukazishika. Zile sehemu mbili tulizokuwa tukimkataza Bibi, tuliziimba nasi, na sauti zikashikana mpaka tukazisikia kifuani. Watoto wa marehemu, ambao tangu mchana hawakuweza kulia, walilia.

Umeme uliporudi, mpiga kinanda wetu aligusa kitufe kutafuta ki ya wimbo ule. Akajaribu hiki, akajaribu kile. Hakuipata. Safari hii kinanda ndicho kilichosikika kama mgeni. Akakizima mwenyewe.

Kijana huyo hakulala vizuri wiki ile. Alianza kuuliza watu wanaojua, akatuletea majibu mazoezini, nasi tutajaribu kuyaeleza kama tulivyoyaelewa.

Ukikaza waya na kuupiga, unadhani umesikia sauti moja. Ndani yake zimo nyingine nyingi, maana waya mzima unatikisika, na wakati huo huo nusu zake zinatikisika, na theluthi, na robo, na kuendelea. Sauti hizo hazikubuniwa na mtu. Zimo katika waya, katika filimbi, katika koo la mwanadamu, tangu kuumbwa. Waliopima muziki wa Wagogo wanasema umejengwa karibu sana na sauti hizo, hasa ya nne mpaka ya tisa. Wanamuziki hugawa oktavu vipande 1200 wanavyoviita senti, na kutoka kitufe kimoja cha kinanda hadi kinachofuata ni senti 100. Mi ya asili iko senti 14 chini ya mi ya kinanda. Sauti ya saba ya asili iko senti 31 chini ya kitufe kilicho karibu nayo. Ndipo alipokuwa Bibi. Hakupotea. Alikuwa mahali panapojulikana, ila sisi hatukupajua.

Wazee wetu walikuwa wameusikia muziki huo zamani, wakausahau. Hukwe Zawose, Mgogo aliyeletwa mjini katika miaka ya Mwalimu Nyerere kupiga muziki wa taifa, aliishi Bagamoyo, si mbali na sisi, hadi alipofariki mwishoni mwa mwaka 2003. Alizunguka dunia na zeze na ilimba yake, ile marimba kubwa ya vidole, na dunia ikakaa kimya kumsikiliza. Wachache wetu tulipanda basi kwenda Chamwino, mkoani Dodoma, kwenye tamasha la muziki wa Cigogo lililoanzishwa na Dk. Kedmon Mapana. Tulikuta vikundi vya vijiji vikipokezana mchana kutwa, wazee kwa watoto, na wote, hata watoto wadogo, sauti zao zilitua pale pale ilipokuwa ikitua sauti ya Bibi. Tulikaa chini ya mti tukitazamana. Katika uwanja ule, waliokuwa nje ya sauti ni sisi.

Lakini jambo lililotugusa zaidi linahusu kinanda chenyewe. Sisi tulikichukulia kama kipimo kilichoshuka kutoka mbinguni. Kumbe sivyo. Ukianzia do, ukapanda hatua safi kabisa kama ya do hadi so, ukarudia mara kumi na mbili, ungetegemea kufika tena kwenye do. Hufiki. Unapita juu kidogo, karibu robo ya nusu toni. Mafundi wa Ulaya walihangaika na kipande hicho kwa karne nyingi. Ukikitupia noti moja tu, wimbo unaopita hapo unakwaruza masikio. Mwishowe walikubaliana kukigawa kwa noti zote kumi na mbili, kila moja ibebe sehemu yake ya kasoro, ili zote ziweze kuishi katika chombo kimoja.

Kwa hiyo karibu kila kitufe tulichomwambia Bibi akifuate kimebeba kasoro kidogo kwa ajili ya vingine. Ni makubaliano mazuri, na bila hayo tusingeweza kuimba nyimbo nyingi tunazozipenda. Lakini chombo kilichojengwa kwa kuchukuliana tulikitumia kumkataa mtu.

Basi tulikwenda kwa Bibi. Tulikuwa watano, pamoja na mwalimu wa kwaya na wale viongozi wawili, na sukari na unga mkononi. Tulimkuta uani, mjukuu mmoja mgongoni na mwingine akivuta kanga yake.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, wanangu. Karibuni."

Mwalimu wa kwaya ndiye aliyesema. Alieleza yote, ya waya na ya kinanda, kisha akaomba radhi kwa niaba yetu. Bibi alinyamaza. Halafu akasema, "Mimi nilidhani kinanda chenu kimeharibika. Nikajiambia, ni kanisa la watu, nami nimekuja juzi, nitawaambiaje kinanda chao kibovu? Nikavumilia."

Tulicheka sana, naye akacheka. Kisha uso wake ukabadilika. "Kwa hilo sina neno. Lakini ile ya kufungua mdomo tu, iliniuma. Nilisimama mbele za Mungu nikidanganya. Katika maisha yangu yote sijawahi kumdanganya Mungu katika kuimba."

Hatukuwa na jibu. Tulikuwa tumeomba radhi kwa kosa la masikio, yeye akatuonyesha kosa la moyo. Alituombea, akatupa chai, akatusindikiza mpaka barabarani.

Suala lilifika kwenye baraza la wazee wa kanisa, na hatutaki kusema waliopinga walikuwa wabaya. Mzee mmoja aliogopa kwamba walio wachanga katika imani wataona kanisa linarudi kwenye ngoma za mizimu. Mwingine aliuliza, na ni swali la haki, kwaya itaimbaje pamoja kila mtu akija na mi ya kwao? Mchungaji alilikumbusha baraza kwamba njia hii wengine walishaipita kabla yetu. Katika miaka ya 1960, Howard Olson, mmisionari aliyefundisha Makumira, alikusanya nyimbo za Kikristo zenye tuni za Kiafrika, na baadhi tunaziimba bila kujua zilikotoka. Padre Stephen Mbunga, Mtanzania, alichapa mwaka 1963 kitabu juu ya sheria ya Kanisa na muziki wa Kibantu, na mwaka huo huo Mtaguso wa Vatikani uliagiza muziki wa kila taifa upewe nafasi yake katika ibada.

Uamuzi ulikuwa mdogo. Kila Jumapili ya mwisho wa mwezi, baada ya ibada, kinanda kinazimwa, na mshiriki mmoja anatufundisha wimbo wa kwao kwa sauti za kwao. Sisi tunamfuata hata pale masikio yetu yanapogoma. Siku nyingine tunaimba kwa kinanda kama kawaida, maana hayo nayo ni makubaliano yetu.

Kwa sikukuu ya mavuno tulitaka wimbo wa Bibi uimbwe na kinanda kikiwepo. Aliyetusaidia ni jirani yetu Mwislamu, anayepiga kinanda katika kikundi cha taarabu. Watu wa taarabu jambo hili hawakuhitaji kufundishwa. Udi hauna vigawanyo shingoni, kidole kinatua popote sikio linapotaka; ganuni ina vibanzi vidogo vya kupandisha na kushusha waya. Alimwonyesha kijana wetu kwamba hata kinanda cha umeme kama chetu kina mahali pa kushusha noti moja moja. Zilikuwamo humo siku zote. Hatukuwahi kubonyeza.

Bibi alianzisha wimbo siku ya mavuno, akiwa amesimama kwenye benchi lake la nyuma, na kwaya ikaitikia kutoka mbele. Yule mzee aliyeogopa mizimu alikuwa mtu wa kwanza kupiga makofi. Mwingine alitoka nje kabla wimbo haujaisha, na bado hatujazungumza naye.

Kwenye kwaya Bibi hakurudi. Anasema magoti hayamruhusu kusimama. Huenda ni magoti tu. Sare yake iko kabatini vestrini, imekunjwa kama alivyoileta, na hatujaithubutu kumpa mtu mwingine.

Wapendwa, Bwana Yesu alifundisha kwamba ukileta sadaka madhabahuni ukakumbuka ndugu yako ana neno juu yako, uiache sadaka pale, ukapatane naye kwanza. Kwa mwaka mzima tulileta sadaka ya nyimbo, sare zimenyooka, sauti nne zimepangika, na dada yetu akiwa na neno juu yetu benchi la nyuma. Kinanda kilituambia tuko sawa, tukadhani na Mungu amesema hivyo. Siku ya Pentekoste kila mtu alisikia matendo makuu ya Mungu kwa lugha ya kwao. Hakuna aliyeambiwa afungue mdomo tu.

Nanyi mtazame katika usharika wenu ni nani aliyerudisha sare bila kuulizwa sababu. Mwendeeni. Msiende kumpa jibu. Nendeni mkasikilize.

Bwana, utusamehe sauti tulizozizima tukidhani tunakutengenezea wimbo. Tupe masikio kabla ya kutupa sauti. Amina.