NILIWASHA MOTO MATOMBO, KIU IKANIKUTA DAR!

Mpenzi msomaji, kila wiki hapa tunawasema wenzetu. Leo acha nijiseme mwenyewe.

Mama yangu ni Mluguru wa upande wa Matombo, huko Morogoro, na kwa Waluguru ardhi hupita kwa mama. Alipofariki tukabaki na shamba lake la mlimani, chini ya uangalizi wa mjomba. Kwenye kona ya bonde kulikuwa na kachemchemi kasikokauka, na kitongoji kizima kilichota hapo.

Basi bwana, Oktoba 2019 nikapata likizo ya siku nne. Kichwani nina nanasi tu. Nilishapiga hesabu za faida, hata simu nitakayonunua nilishaichagua! Sasa kufyeka shamba lote kwa panga kwa siku nne, nani anaweza? Nikatoa kiberiti.

"Mpwa wangu," mjomba akasema, "mchana huu una upepo. Subiri jioni, tuite watu, tusafishe kwanza ukingoni."

Mimi mtoto wa mjini nikamwona mzee ananichelewesha. Saa saba mchana nikawasha.

Wee, acha tu! Moto uliruka ukingo kama una miguu, ukashuka bondeni, ukala miti yote iliyozunguka chemchemi na migomba ya mjomba juu yake. Watu walitoka na matawi mabichi, wakaupiga mpaka usiku. Hakuna aliyenitukana, na hilo ndilo lililoniuma zaidi. Asubuhi nikapanda gari kurudi Dar, kimya kimya kama mwizi.

Mvua zikaja, zikakuta kilima kipara. Zamani majani makavu chini ya miti yalikuwa yanayashika maji, yanazama ardhini taratibu, chemchemi inayatoa kidogo kidogo hadi kiangazi. Sasa maji yakawa yanateremka mbio na udongo wote. Kiangazi kilichofuata mjomba akanipigia: "Mpwa, chemchemi ya mama yako imekauka." Akina mama wakawa wanachota bonde la pili, na njia yenyewe ni kupanda na kushuka. Mimi nikamwambia mtandao unasumbua. Uongo mtupu.

Mungu si Athumani. Oktoba 2022 mto Ruvu ukapungua maji, Dar tukaingia kwenye mgawo. Niko kwenye foleni na madumu, jua la utosi, nagombana na dada mmoja kuhusu nani alitangulia. Simu ikaita. Mjomba.

"Nasikia huko mnanunua maji kwa dumu?"

"Ndiyo, mjomba."

Akanyamaza kidogo. "Hayo maji yenu si ndiyo yanatoka huku kwetu?"

Msomaji, niliishiwa nguvu. Sehemu kubwa ya maji ya Dar inatoka Ruvu, na Ruvu inaanzia milima ya Uluguru. Sisemi kijito changu ndicho kilichokausha jiji. Mwaka ule mvua zilikuwa haba. Lakini fikiria vijito vingapi, na vijana wangapi wenye likizo ya siku nne na kiberiti mfukoni.

Juu kabisa ya milima ile ni msitu wa serikali, hifadhi ya mazingira asilia tangu 2008. Chini yake ni mashamba ya watu. Huko moto ukiwaka, serikali haiko karibu. Uko wewe na jirani yako.

Desemba ile ile nikapanda mlima kuomba radhi. Nikabeba na wazo: tupande mikaratusi, inakua haraka, tutauza nguzo. Mjomba akacheka. "Mikaratusi pembeni ya chemchemi? Si utakuwa umeleta mlevi mwingine kisimani?" Kumbe hata sheria ya mazingira ya 2004 inakataza shughuli zinazoweza kuharibu chanzo cha maji ndani ya mita 60. Tukapima kwa kamba, nanasi zangu zikarudi nyuma.

Kazi ya kwanza haikuwa kupanda miti. Ilikuwa kuzuia moto. Kila kiangazi kinapokaribia tunafyeka barabara ya moto kuzunguka bonde, majani yote tunayatoa, udongo unabaki mtupu. Majirani nao wamekubaliana: hakuna kuchoma bila kuambiana, na hakuna kuchoma mchana wa upepo. Ndani ya bonde tumeacha visiki vichipue vyenyewe, na vimechipua kweli. Palipobaki uwazi tukapanda mikuyu na mikangazi.

Kwa nini majirani walikubali? Hakuna aliyewatisha. Mwaka 1955 huko huko Matombo zilitokea vurugu, watu wakikataa kulimishwa matuta kwa lazima na serikali ya mkoloni. Mluguru ukimlazimisha, imekula kwako. Mjomba aliwaketisha tu, akanisimamisha mbele yao, akasema, "Huyu ndiye aliyechoma. Amekuja kulipa kwa panga." Aibu ile sitaisahau.

Bwawa la Kidunda lilianza kujengwa 2023 ili Dar isikaukiwe tena. Safi sana. Ila vilima vikiendelea kuungua, mvua italipelekea tope.

Chemchemi yetu je? Kiangazi kilichopita mjomba alinitumia picha. Ndoo moja, inajaa polepole mno, maji meupe. Haijawa ile ya mama, lakini akina mama wameanza kurudi.

Nami nanasi ninazo, chache, kwa juu. Simu bado ile ile ya zamani. Na ukinikuta mtaani naomba kiberiti, tafadhali ninyime.

Tukutane wiki ijayo.