Plough Lane: Kiwanja Kilichotangulia Kupotea

Kwa kizazi kilicholelewa na redio, soka la Uingereza lilikuwa orodha ya majina yaliyosomwa jioni ya Jumamosi, na Wimbledon haikuwa miongoni mwa majina mazito. Wengi tuliijua kwa tenisi. Halafu ikaja tarehe 14 Mei 1988, fainali ya Kombe la FA pale Wembley, dhidi ya Liverpool iliyokuwa imetoka kuutwaa ubingwa wa ligi. Lawrie Sanchez alifunga kwa kichwa kipindi cha kwanza. Kipindi cha pili John Aldridge akapewa penalti, na Dave Beasant, kipa na nahodha, akaruka kushoto kwake akaipangua. Hakuna kipa aliyekuwa amewahi kufanya hivyo katika fainali ya kombe hilo Wembley. Mechi ikaisha 1-0. Kuanzia hapo simulizi la Wimbledon likawa la mabishoo na wababe: Vinnie Jones aliyewahi kubeba matofali kwenye majengo, mipira mirefu, mizaha ya chumba cha kubadilishia nguo. Ni simulizi tamu, ila limefunika jambo ambalo nadhani ni kubwa zaidi. Watu wakiulizwa klabu hiyo ilikufa lini, hutaja mwaka 2002, iliporuhusiwa kuhamia mji mwingine. Mimi nasema ilikuwa imeshapotea zaidi ya miaka 10 kabla ya hapo, na kilichopotea kwanza hakikuwa timu. Kilikuwa kiwanja.

Klabu ilianza mwaka 1889 kwa vijana waliocheza kwenye uwanda wa wazi wa Wimbledon Common na kubadilishia nguo katika baa ya jirani. Mwaka 1912 ikapata uwanja wake Plough Lane, na kwa zaidi ya nusu karne ikabaki timu ya ridhaa. Mwaka 1963 ilitwaa Kombe la Ridhaa kwa kuifunga Sutton United 4-2, mabao yote manne yakifungwa na Eddie Reynolds, yote kwa kichwa. Mwaka 1975, ikiwa bado nje ya madaraja manne ya juu, iliifunga Burnley ya daraja la kwanza nyumbani kwake, kisha ikaenda kwa mabingwa Leeds na kutoka sare baada ya kipa Dickie Guy kuokoa penalti ya Peter Lorimer. Miaka miwili baadaye ikaingizwa kwenye ligi kwa kura, kama ilivyokuwa desturi ya wakati huo, ikichukua nafasi ya Workington. Wahenga husema aliye juu mngoje chini. Wimbledon haikuwa na subira hiyo. Kufikia mwaka 1986 ilikuwa daraja la kwanza, na msimu wake wa kwanza huko ikamaliza ya sita. Yote hayo yalitokea katika uwanja mdogo ambao mashabiki walisimama karibu kabisa na mstari, na wageni walibadilisha nguo katika chumba chembamba huku redio kubwa ya wenyeji ikinguruma upande wa pili wa ukuta. Udogo wa Plough Lane ulikuwa sehemu ya silaha za Wimbledon.

Aprili 1989 likatokea janga la uwanja wa Hillsborough, ambalo hatimaye liligharimu maisha ya watu 97. Ripoti ya Jaji Taylor ya mwaka 1990 ikazitaka klabu za madaraja ya juu ziwe na viwanja vya kukaa kwenye viti tu. Uongozi wa Wimbledon ukasema Plough Lane haiwezi kufikia kiwango hicho, na mwaka 1991 timu ikahamia Selhurst Park kama mpangaji wa Crystal Palace. Hapo ndipo pingamizi la kwanza dhidi ya hoja yangu linaponingoja: walikuwa na njia gani nyingine? Sheria ni sheria, na iliwekwa kwa sababu watu walikufa.

Ni pingamizi zito, ila majirani zao wawili wanalijibu. Wa kwanza ni Charlton Athletic. Mwaka 1985 klabu hiyo iliuacha uwanja wake, The Valley, ikaenda kupanga Selhurst Park hiyohiyo, kwa mwenye nyumba yuleyule. Mashabiki wake hawakuridhika na maelezo. Baraza la mtaa wa Greenwich lilipokataa mpango wa kuukarabati uwanja, wakaunda chama cha siasa chenye ajenda moja tu, kurudi The Valley, na katika uchaguzi wa mitaa wa Mei 1990 wakapata kura 14,838. Hawakushinda kiti, lakini ujumbe ulifika, na Desemba 1992 Charlton ikacheza tena nyumbani. Wa pili ni Fulham, ambayo uwanja wake wa Craven Cottage nao ulikuwa wa kizamani: iliondoka mwaka 2002, ikapanga kwa Queens Park Rangers misimu miwili, ikarekebisha, ikarudi. Timu tatu, mji mmoja wa London, tatizo linalofanana. Wawili walirudi kwa sababu kiwanja kilikuwa bado kinawangoja. Plough Lane haikumngoja mtu. Mmiliki wa Wimbledon wakati huo, Sam Hammam, aliiuza klabu kwa Wanorwei mwaka 1997, na mwaka 1998 ardhi ya Plough Lane ikauzwa kwa kampuni ya maduka ya Safeway. Duka lenyewe halikujengwa. Palipokuwa na goli leo pana nyumba za ghorofa. Ripoti ya Taylor ilidai viti, haikudai mnada.

Maisha ya upangaji yalikuwa na gharama isiyoandikwa kwenye mkataba. Januari 1993 Wimbledon ilicheza na Everton mbele ya watu 3,039, mahudhurio madogo kuliko yote katika historia ya Ligi Kuu ukiacha mechi za wakati wa vizuizi vya korona. Idadi hiyo hutumiwa mara nyingi kama ushahidi kwamba klabu haikuwa na watu, hivyo hakukuwa na wa kudhulumiwa. Mimi naisoma kinyume. Timu ilikuwa Ligi Kuu, tena ikishindana vizuri. Kilichobadilika ni mahali. Mtu aliyezoea kutembea kwa miguu hadi uwanjani, akapita mtaani kwake na kukutana na wenzake, sasa alitakiwa kuvuka kusini mwa London kwenda kukaa kwenye viti vya rangi ya mwenzake. Wengine waliacha. Na walipoacha, uchache wao ukawa hoja ya kuwahamisha mbali zaidi: kwanza ukazungumziwa mji wa Dublin, nchi nyingine kabisa, na wazo hilo lilipokufa, Agosti 2001 mwenyekiti Charles Koppel akatangaza Milton Keynes, mji mpya ulio umbali wa kilomita zipatazo 90. Timu ilikuwa imeshashuka daraja tarehe 14 Mei 2000, tarehe na mwezi uleule ilipotwaa kombe miaka 12 kabla.

Tarehe 28 Mei 2002 tume huru ya watu watatu, iliyoundwa na Chama cha Soka, iliruhusu uhamisho kwa kura mbili dhidi ya moja. Hoja kuu ilikuwa ya fedha: bila kuhama klabu ingekufa. Tume ilikwenda mbali zaidi, ikaeleza kwamba kuifufua klabu mpya huko Wimbledon kusingekuwa kwa maslahi mapana ya soka. Siwalaumu kwa kushindwa kuona mbele. Nawalaumu kwa kutotazama kilichokuwa mbele yao. Katika msimu uliofuata, timu iliyosubiri kuhamishwa iliingiza watu 849 Selhurst Park dhidi ya Rotherham, wakati klabu mpya ya mashabiki, AFC Wimbledon, ikicheza ligi ya chini sana huko Kingsmeadow, ilikuwa ikipata watu karibu 3,000 kwa mechi. Na uhamisho uliotakiwa kuokoa fedha haukuokoa: Juni 2003, kabla hata ya mechi moja kuchezwa Milton Keynes, klabu iliwekwa mikononi mwa msimamizi wa mufilisi. Uwanja uliojengwa huko baadaye ulikuwa sehemu ya mradi mkubwa wa ardhi wenye duka la Asda na lile la samani la IKEA. Timu ilihitajika ili ujenzi ueleweke. Mara ya pili, basi, Wimbledon ikawa kiambatisho cha kiwanja cha biashara.

Safari ya AFC Wimbledon imesimuliwa mara nyingi, nitaipita upesi. Juni 2002 walifanya majaribio ya wachezaji kwenye Wimbledon Common, wakaja wapatao 230. Walicheza mechi 78 za ligi bila kufungwa. Mei 2011 wakaifunga Luton kwa penalti na kuingia ligi za kulipwa, miaka tisa baada ya kuanza. Mwaka 2007 makombe na kumbukumbu za klabu ya zamani zilirudishwa katika mtaa wa Merton, na klabu ya Milton Keynes ikaacha kudai historia ya kabla ya mwaka 2004. Wengi wangeridhika hapo: timu ipo, jina lipo, kombe la 1988 limerudi. Wao hawakuridhika, na huo kwangu ndio ushahidi mkubwa kuliko mabao yote. Waliendelea kudai Plough Lane, na Novemba 2020 wakacheza na Doncaster katika uwanja mpya, hatua chache kutoka ule wa zamani, sare 2-2, viti vitupu kwa sababu ya korona. Miezi michache kabla, fedha za ujenzi zilipopungua, mashabiki walikuwa wameikopesha klabu yao zaidi ya pauni milioni 5 kwa hati za mkopo, ili deni lisije likampa tajiri mmoja usukani. Watu waliowahi kuuziwa kiwanja chao bila kuulizwa walijua hati ya ardhi inapaswa kukaa wapi.

Msomaji wa Kariakoo atanikatiza hapa. Atasema Simba na Yanga hazimiliki uwanja mkubwa, zimecheza miaka yote kwenye viwanja vya serikali na vya kukodi, na hakuna anayethubutu kusema si klabu. Tena Simba yenyewe iliwahi kuitwa Sunderland, jina la timu ya Uingereza, hadi mwaka 1971, na kubadili jina hakukuifanya kuwa klabu nyingine. Kweli kabisa, na hapo inabidi hoja yangu ipigwe msasa. Nyasi si kitu peke yake. Simba ilibadili jina ikabaki na makao yake ya Msimbazi na wanachama wake. Yanga ina Jangwani. Kuna mahali ambapo mwanachama anaweza kwenda kugombana na uongozi, na mahali hapo mtu mmoja hawezi kupauza jioni wengine wakapata habari asubuhi. Ndiyo maana mjadala wa Simba wa mwaka 2017, wa mwekezaji na asilimia 49 dhidi ya 51 za wanachama, ulikuwa mkali kuliko usajili wowote. Walichokuwa wakibishania ni kilekile ambacho mashabiki wa Wimbledon walikosa mwaka 1991: haki ya kukataa.

Shabiki wa Arsenal, na Afrika Mashariki ni wengi hadi kwenye matairi ya bodaboda, naye ana lake. Timu yake ilianzishwa na wafanyakazi wa kiwanda cha silaha Woolwich mwaka 1886, ikahamishiwa Highbury, upande wa pili wa Mto Thames, mwaka 1913, na haikufa; imekuwa kubwa kuliko ilivyowahi kuwa. Haikufa kwa waliopokea. Watu wa Plumstead na Woolwich waliokuwa wakienda kuitazama walipoteza timu, na kwa kuwa wote wameshafariki hakuna wa kuwasemea. Dhuluma kusahaulika hakuifanyi iwe haki. Kwa kipimo hichohicho sina ugomvi na mtoto wa Milton Keynes aliyekua akiishangilia timu ya mji wake, iliyomlea Dele Alli na kuichapa Manchester United 4-0 mwaka 2014. Mapenzi yake ni halali. Ila mji ule ungeweza kuanza na timu yake ligi za chini, njia ambayo Wimbledon imeipita mara mbili.

Pingamizi moja sijaweza kuliondoa. Uwanja wa Kingsmeadow, ambamo AFC Wimbledon ilijijenga upya, ulijengwa mwaka 1989 kwa ajili ya Kingstonian, klabu ya mwaka 1885. Kingstonian ilipoyumba kifedha uwanja ukaponyoka mikononi mwake, na mwaka 2003 mashabiki wa Wimbledon wakaununua. Kingstonian ikabaki mpangaji ndani ya nyumba iliyojengwa kwa ajili yake. Kisha Wimbledon ikaiuzia Chelsea uwanja huo, fedha zikasaidia kujenga Plough Lane, na mwaka 2017 Kingstonian ikafungasha virago. Watetezi husema uwanja ulikuwa umeshapotea kabla yao, kwamba kodi ilikuwa nafuu, kwamba bila mauzo hayo kusingekuwa na kurudi nyumbani. Yote yana ukweli. Lakini sentensi ya mwisho ni ya Charles Koppel: hakukuwa na njia nyingine. Mashabiki waliopinga sentensi hiyo kwa miaka mingi waliitumia wenyewe, dhidi ya watu walio wachache zaidi yao, na Kingstonian tangu hapo imekuwa ikihama kutoka uwanja mmoja wa kuazima hadi mwingine.