Simba Amelala au Analala?

Wako walimu wanaofundisha wakati uliopo wa kuendelea wa Kiingereza kwa kanuni moja fupi: kila uonapo "na" katika kitenzi cha Kiswahili, weka "ing" katika kile cha Kiingereza. Mtoto hukariri "am" kwa "I", "is" kwa "he" na "she", "are" kwa "we" na "they", kisha kitenzi chenye "ing" mwishoni. Ninakula, "I am eating". Huambiwa pia kwamba "write" hudondosha herufi yake ya mwisho ikawa "writing", na "run" huongeza n ya pili ikawa "running". Hayo ni kweli, wala sina ugomvi nayo. Ugomvi wangu ni na ile kanuni fupi, kwa kuwa imemnyima mpwa wangu kazi.

Kijana huyo, mzaliwa wa Ikoma kama mimi, aliitwa kwenye usaili wa kuongoza watalii katika kambi mojawapo kandokando ya Hifadhi ya Serengeti. Alionyeshwa picha ya simba chini ya mgunga, akatakiwa aseme kwa Kiingereza anachokiona. Akajibu, "The lion has slept". Msaili mmoja akacheka, na kazi akapewa mwingine.

"Mjomba," aliniuliza jioni ile, "simba si amelala? Nitasemaje analala, ilhali macho amekwisha kuyafumba?"

Ndugu msomaji, swali hilo si la kijinga hata kidogo. Kiswahili hutazama tendo lililokwisha na hali iliyobaki baada yake. Simba alijilaza, usingizi ukamchukua, basi amelala. Ukisema analala, mzee wa kwetu ataelewa kwamba ndiyo kwanza anajilaza, au kwamba hapo ndipo alalapo siku zote. Kiingereza hakijishughulishi na ule mwanzo. Huitazama hali yenyewe kana kwamba ni kazi inayoendelea: "The lion is sleeping". Ndivyo ilivyo kwa amesimama, ameketi, amevaa na amebeba. Mwingereza husema "is standing", "is sitting", "is wearing", "is carrying". Kijana aliyefundishwa kwamba "me" ni "has" atakosea hapo kila mara, na atakosea kwa sababu ya utii wake.

Upande wa pili wako ninajua, ninataka na ninaelewa. "Na" ipo waziwazi, lakini Kiingereza sanifu hukataa "I am knowing" na kutaka "I know". (Nimewasikia wakubwa wa ofisi wakisema "I am having two children", wala sikumwona mtu akiwacheka.)

Kwetu Ikoma mfano ulio bora hauko kitabuni. Kati ya Mei na Julai makundi ya nyumbu hufika pande za mto Grumeti. Mtu aliyesimama ukingoni akiwaona majini atasema "wanavuka", na kwa Kiingereza "They are crossing". Mtu huyo huyo, akiwa nyumbani mwezi Februari wakati nyumbu wako mbali kusini wakizaa, aweza kusema "wanavuka Grumeti kila mwaka". Hapo Kiingereza hubadilika kikawa "They cross". Kiswahili chetu kinayo "hu" kwa mambo ya mazoea, na mwanafunzi akizoea kujiuliza kama neno lake lingeweza kuwa "huvuka", atakuwa amekwisha kuipata nusu ya njia.

Mtoto wa Ikoma huanza na Kiikoma mapajani mwa mama yake, akakipata Kiswahili shuleni, kisha sekondari akaelezwa hata jiografia kwa Kiingereza. Mwaka 1982 Tume ya Makweta ilipendekeza Kiswahili kitumike kufundishia sekondari, na pendekezo hilo halikutekelezwa. Maadamu Kiingereza ndicho mlango wa kazi, ni haki ya mtoto huyo kuelezwa mahali lugha hizi zinapoachana, badala ya kupewa kanuni ya kukariri.

Katika mazungumzo yetu ya jioni zilizofuata, kijana alifurahi kuona mahali pamoja ambapo lugha hizo hukubaliana. "Ninaondoka kesho," husema Mswahili, na Mwingereza naye husema "I am leaving tomorrow". Wote wawili huitaja safari ya kesho kana kwamba mguu mmoja umekwisha kuwa njiani.